Ng'ombe wa Baba ni Wachache Tu

Baba,

Nakusalimu, mwangaluka. Ni mimi Kabula, msomaji wako wa meseji.

Simu yako ya vitufe bado naichaji, maana wapo watu wa Mwamapalala ambao hawajasikia msiba. Lakini wanaokutafuta zaidi ni hawa wa matangazo. Juzi wamekutakia heri ya siku ya kuzaliwa, na punguzo la dawa ya kupe juu yake. Siku ya kuzaliwa, Baba! Wewe uliyezaliwa msimu wa nzige, basi. Ile tarehe niliitunga mimi.

Leo nakiri, maana ulipokuwa hai nilishindwa. Unaikumbuka kofia ya kijani, ile ya bure ya mnadani Bariadi? Ulikwenda kutazama madume ya watu, ukaniacha na bwana wa dawa za mifugo na fomu yake. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, kijiji. Akauliza ng'ombe wangapi. Nami nikajitia msomi! Nikaandika hamsini na nane, pamoja na wale uliowaficha kwa Baba Mdogo.

Wiki haikuisha. Wakwe walikuwa wamekaa uani kwetu Sapiwi, mnazungumza mahari ya kaka, na wewe umeshawaambia ng'ombe wako ni wachache tu. Simu ikalia. Ukaniita kama kawaida, "Kabula, njoo usome." Nikasoma kwa sauti, mjinga mimi: "Mpendwa Masanja, ng'ombe wako 58 wanastahili kinga bora."

Mkwe akakohoa. Mahari ikapanda hapo hapo, na yule dume mwekundu uliyempenda akaenda zake.

Ukacheka, ukasema, "Kumbe simu hii ina mdomo." Hukuuliza nani aliyewaambia. Ila tangu siku ile, kila meseji ilipoingia ulininong'oneza, "Soma kwanza moyoni, mwanangu." Ulijua, Baba? Nimelia sana kwa swali hilo. Na kofia uliivaa mpaka ikapauka.

Jumatatu nakwenda mjini kuifunga laini yako. Naumia, maana mlio ule ndio uliokuwa unaniita kwako. Lakini sitaki wakuite mpendwa watu ambao hata hawajui kwamba umekufa.

Wabeja kwa kunisitiri. Pumzika, Baba. Naahidi siri za boma lako hazitatoka tena kinywani mwangu.

Jana alipiga dada mmoja wa hao wa matangazo, sauti tamu kama nini, akauliza mzee ana ng'ombe wangapi siku hizi.

Nikamwambia wachache tu.

Mwanao,
Kabula