Nafasi ya Namba Sita

Mwanza

Mdogo wangu mpendwa Agnes,

Marahaba kwa shikamoo za barua zako tatu ambazo sikuzijibu. Niwie radhi. Tangu tumzike Neema hapo Kidete sijakuandikia, na sababu haikuwa kazi. Natumaini mguu wako umepata nafuu, na maji ya mto Mkondoa hayajaingia tena shambani.

Bila shaka umesikia redioni kwamba timu yetu ya wanawake ilitwaa ubingwa na kualikwa Ikulu. Mimi, kwa kuwa ni meneja, ndiye niliyepeleka orodha ya majina. Niliinakili ile ya mwanzo wa msimu, nikasahau kuliondoa jina la mwanao Neema. Mimi, niliyewaadhibu wanafunzi miaka yote kwa uzembe.

Wachezaji wetu hujipanga kwa namba za jezi. Siku ile, kati ya namba tano na namba saba, waliacha nafasi. Afisa aliyetupokea akaniambia tuizibe.

"Sogeeni," niliwaamuru.

"Hapo pana mtu, Mwalimu," alijibu nahodha bila kunitazama.

"Usinitanie, binti. Sogea."

Hakusogea. Majina yakaanza kusomwa. Lilipofika la Neema, wote wakaitikia kwa sauti moja: "Yupo!" Mheshimiwa Rais, aliyekuwa akiwavisha medali, akasimama mbele ya ile nafasi, medali mkononi. Nikasukumwa mbele niipokee mimi.

Agnes, sikustahili. Siku tatu kabla ya kifo chake, Neema aliniambia, "Mjomba, kifua kinabana. Naomba nipumzike leo."

Nilimjibu, "Uvivu huo. Kimbia."

Akakimbia. Msibani ulinishukuru kwa kumlea, nami nikazipokea shukrani zako. Sasa kila ninapoita majina mazoezini, nikifika namba sita nasikia mtu akihema nyuma yangu. Nikigeuka, hakuna mtu.

Viongozi wa timu wanataka medali irudishwe, kwa kuwa jina liliingia kimakosa. Nimewaeleza yote, hata haya ninayokueleza wewe, nikawaomba ije kwako. Watakaa Jumamosi.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako, na kasisi aliyeongoza mazishi.

Nawe useme bila kunionea haya: wakiitoa, niilete mimi, au nimpe nahodha ailete? Wao wakishaamua, siku hiyohiyo nitakuandikia.

Kaka yako,
Gideon