Spika ya Kulia

Jumamosi, 7 Machi

Leo ndiyo leo! Chumba cha pacha wetu kimekaa kitupu tangu waende chuo, na mume wangu, Baba Pacha mwenyewe, ndiye aliyesema: weka muziki wako humo kabla hujakigeuza stoo. Kwa hiyo asubuhi tukaenda kwa yule muuza spika ninayemwita Mzee Waya, maana hata miwani yake kaifunga kwa waya.

Spika za twita ya utepe nimezitamani tangu ujana. Twita ndiyo kile kispika kidogo cha sauti za juu, na hii siyo ya kawaida yenye kikombe. Hii ina ukanda wa aluminiamu, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, unatetemeka katikati ya sumaku, na sauti za juu zinatoka laini, hazichomi. Baba Pacha anaziita masanduku. Masanduku ya mama.

Chumba cha kusikilizia kiko nyuma ya duka. Mapazia mazito, zulia, kiti kimoja katikati. Nikaketi kama malkia. Nikampa Mzee Waya wimbo wangu wa kupimia, ule wa mwanamke na gitaa, nimeusikiliza hadi najua anapovuta pumzi. Kuna kikengele kinapigwa upande wa kulia, mwanzo mpaka mwisho.

Kikengele hakipo!

Nikasema, mzee, spika ya kulia ni mbovu, utepe umekatika. Akanuna — mpya hizi, mama, nimezitoa kwenye boksi jana. Akasogeza sikio. Inalia, akasema. Nikamwambia zibadilishe. Akazihamisha zote mbili, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto, huku anahema. Akapiga tena.

Kulia kumekufa vilevile.

Baba Pacha akasema mbona yeye anakisikia, ting ting ting, mpaka kinamkera. Mzee Waya akatazama kiti changu. Kisha, kwa upole ambao sikuupenda hata kidogo, akaniambia nigeuze kiti, nizipe spika mgongo. Nikageuza. Nikatazama ukuta.

Ting. Ting. Ting. Sikio la kushoto.

Nikacheka! Nikacheka kwa nguvu, nikasema ni nta tu, nina nta masikioni, tutarudi wiki ijayo.

Jumapili, 8 Machi

Siyo nta. Nimetia matone, nimelala ubavu, nimesubiri. Hakuna kilichotoka.

Nikaanza kujipima, na heri nisingeanza. Nilisugua vidole karibu na sikio la kushoto: shwa shwa shwa. Kulia — vidole vinakwenda, naviona kwenye kioo vinakwenda. Kimya. Pacha mkubwa akapiga simu. Nikaihamishia kulia makusudi. Sauti ya mwanangu kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Mama, upo? Mama? Nikairudisha haraka.

Tangu lini nashika simu kushoto tu? Tangu lini nakaa mwisho wa kochi ili Baba Pacha awe kushoto kwangu? Mimi sikuamua hayo. Mwili umepanga mambo yake bila kunishirikisha.

Na ule mvumo. Nilidhani ni friji. Nimechomoa friji. Bado unavuma.

Jumatatu, 9 Machi

Kikao cha mkataba wa maji, siku nzima. Mimi na Kasuku kibandani. Kasuku ni mkalimani mwenzangu, kapewa jina hilo kwa sababu hakuna asichoweza kukirudia. Tunapokezana, nusu saa yeye, nusu saa mimi, kioo mbele yetu, wajumbe chini.

Mkalimani huvaa kisikilizio sikio moja, la pili huachwa wazi ajisikie mwenyewe anavyosema. Mimi huvaa kushoto. Leo nikavaa kulia. Ujinga mtupu. Nilitaka kujua tu.

Wanaume wenye sauti nene niliwaelewa. Kisha akasimama mama mmoja wa sauti nyembamba. Ile S yake yote ikapotea, kama mtu anafuta ubao nyuma yake. Akasema kwenye kifungu cha tano tumesita. Mimi nikasikia tumepita. Nikatafsiri hivyo hivyo — tumekipitisha! Chini vichwa vikainuka. Mjumbe mmoja akaanza kupiga makofi! Kasuku akabonyeza kitufe changu kunizima, akashika maikrofoni yake, akaomba radhi kwa niaba ya wakalimani, akasahihisha. Sauti tulivu kama maji ya mtungini.

Nje akaniuliza, vipi dada, umelala kweli wewe? Nikasema sikulala. Akasema, na siku hizi mtu akikuita unageukia upande mwingine, utadhani una mchumba huko. Ulikuwa mzaha. Sikucheka.

Masikio haya ndiyo kazi yangu. Sina nyingine.

Jumanne, 10 Machi

Nimefika hadi mlangoni kwa daktari wa masikio. Nimerudi. Niliogopa, basi.

Jumatano, 11 Machi

Nimeingia.

Daktari ni mama wa makamo, anaongea akikutazama usoni kabisa. Naona ndiyo mazoea ya kazi yake. Muuguzi akanifungia kwenye kichumba kama kabati, akasema bonyeza ukisikia. Kushoto nilibonyeza kwa raha, pi, pi, pi. Kulia nikangoja. Nikangoja. Nikadhani mashine imezimwa. Nikamtazama muuguzi kupitia kidirisha: anazungusha kitufe, ananiangalia, anazungusha tena. Basi nikawa nabonyeza kwa kubahatisha! Mtu mzima na akili zangu, naibia mtihani wa sikio!

Daktari akachungulia ndani. Sikio safi, akasema, ngoma yake nzima. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Akatikisa kichwa. Alisema heri angekuta uchafu. Tofauti ya sikio na sikio kiasi hiki, lazima tutazame neva iliyo nyuma. Tupige picha ya kichwa.

Kichwa? Nikamwambia, daktari, mimi nimeleta sikio.

Hakucheka. Aliuliza kama napata kizunguzungu, kama nayumba gizani, kama uso unaingia ganzi. Hapana, hapana, hapana. Nimetoka pale najishika shavu barabara nzima. Wapita njia walidhani jino.

Baba Pacha nimemwambia nilikwenda kuangalia mapazia ya chumba cha muziki. Akauliza rangi gani. Kijivu, nikasema. Uongo nao una rangi!

Ijumaa, 13 Machi

Wamenilaza kwenye ile mashine ya picha ya kichwa. Vua pete, vua hereni, usitikisike. Shimo jeupe, pua karibu kugusa dari. Kelele zake! Gongo, gongo, gongo, kama mafundi wanabomoa nyumba na wewe umo ndani. Nikafumba macho nikajaribu kuigeuza muziki, nitafute mdundo. Halafu nikagundua zile kelele zinatoka upande mmoja tu. Mashine imenizunguka kichwa kizima, na mimi naisikia kushoto.

Hapo ndipo nilipolia. Machozi yalinitiririkia sikioni na sikuruhusiwa kuyapangusa.

Majibu Jumatatu.

Jumamosi, 14 Machi

Baba Pacha kaamka na nguvu. Twende, nta imeshatoka au haijatoka? Nikashindwa kusema. Nikaenda.

Kiti kilekile. Mzee Waya kapanga jozi mbili, ndefu na fupi, zote za utepe. Hakuuliza kitu kuhusu masikio yangu, lakini aliniangalia kwa jicho la kuuliza. Nikamwambia Baba Pacha akae yeye kitini, mimi nitasimama nyuma. Mie? akasema, mie ndiye mpimaji? Makubwa! Lakini akakaa.

Nikachagua kwa kumtazama yeye. Kwa zile ndefu alitikisa mguu tu, kama anasubiri kinyozi. Zilipowashwa zile fupi mguu ukasimama. Akafumba macho. Yule mwanamke akaimba, na uso wa mume wangu ukalainika hadi nikamwona alivyokuwa kijana. Nikamwuliza, zile sauti za juu zikoje? Niambie. Akafikiri. Akasema, kama mtu anafungua peremende polepole asimwamshe mwenzake.

Mtu anayeziita masanduku! Nikasema hizi, tunachukua hizi, nikatoka nje haraka.

Ndani ya gari hakuwasha injini. Akauliza, Mama Pacha, huko kwenye mapazia wamekufanya nini? Nikasema nimechoka tu na kazi. Akaniuliza tena: utaniambia, au nisubiri? Nikasema subiri. Akasema haya. Akawasha gari. Hakufungua redio.

Jumatatu, 16 Machi

Ni uvimbe.

Umekaa juu ya neva ya kusikia, ndani kabisa, karibu na ubongo. Daktari kanionyesha kwenye picha: kitu cheupe, mviringo, kama harage. Si saratani, alirudia mara mbili, kwa sababu ya kwanza sikumsikia — siyo sikio, ni akili iliyokataa. Unakua taratibu. Pengine umekuwepo miaka.

Akaeleza njia. Kuuacha na kuupiga picha kila baada ya muda. Kuuchoma kwa mionzi. Kuutoa. Mkubwa kiasi hiki, yeye angependa utolewe, kabla haujaegemea mahali pabaya. Nikauliza, na sikio? Akasema la kulia tuhesabu limekwenda. Alisema kwa huruma lakini alisema.

Halafu akaniambia lile la pili. Neva ya uso inapita palepale, bega kwa bega na hii. Madaktari wa upasuaji wanaichunga kama mboni ya jicho, lakini huwa inatokea inaumia. Uso ukalegea upande mmoja. Mdomo. Jicho lisifumbe.

Mdomo, mimi! Ninayeishi kwa kusema maneno ya watu!

Anataka nije Alhamisi na mume wangu, saa nne. Nikasema sawa. Kufika nyumbani nimepika, nimekunja nguo, nimeongea na pacha wote wawili, nimecheka kwenye simu. Sijasema kitu.

Jumanne, 17 Machi

Asubuhi, bafuni, nimejifungia. Nimetabasamu kwenye kioo. Nimenuna. Nimepiga mluzi. Nimesema tumesita, tumepita, tumesita. Kila kitu bado kinafanya kazi. Nikashika upande wa kulia wa mdomo kwa kidole, nikauvuta chini, nione utakavyokuwa.

Sitafanya tena.

Jumatano, 18 Machi

Spika zimefika mchana huu. Mzee Waya kaja nazo mwenyewe, kaziunga, kazipanga nyaya, kakataa hata chai. Mlangoni alinishika mkono, akauliza polepole kama nimemwona daktari. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema vizuri, mama, vizuri, akaenda zake.

Baba Pacha kaomba ruhusa kazini kwa ajili ya masanduku! Kaweka kiti changu katikati, kapima kwa kamba kila upande kama fundi wa ujenzi. Kaa hapo. Nikakaa. Akabonyeza.

Chumba kikainama. Sijui niseme vipi — muziki wote ukamwagika upande mmoja, kama mizigo kwenye gari lililopinda. Yeye alikuwa amesimama mbele yangu, hazitazami spika, ananitazama mimi. Nikafungua mdomo niseme nzuri sana, asante. Yakatoka mengine. Nikasema, la kulia halisikii.

Akazima. Halisikii kidogo au halisikii kabisa? Kabisa. Tangu lini? Sijui. Akakaa chini, sakafuni, mgongo ukutani. Nilidhani atanigombeza kwa kumficha. Alitazama spika moja, akatazama ya pili. Kisha akainuka, akakunja mikono ya shati, akaikumbatia spika ya kulia.

Unafanya nini? Nahamisha, akasema. Tunaziweka zote kushoto. Sikio hilo moja litakula sahani mbili.

Nikamwambia haiwi hivyo, Baba Pacha, muziki utakuwa rundo moja. Akasema kwanza tujaribu.

Nimekuja chumbani kwetu eti kuchukua sweta. Naandika nimesimama. Nimemwambia sikio tu. Uvimbe, bado. Uso, bado. Kwamba kesho saa nne anahitajika na yeye, bado. Namsikia anaburuta, sakafu inakwaruza, anapumzika, anaburuta. Mgongo wake si mzima yule, ataumia. Niende nimzuie. Lakini nikienda ataniuliza daktari kasemaje, na nikimtazama usoni nitasema yote, na nikishasema yote yatakuwa ya kweli.

Kimya. Amemaliza.

Muziki umeanza. Ananiita. Nadhani ameshaniita zaidi ya mara moja, nilikuwa nimeupa mlango sikio bovu. Njoo ukae, anasema, njoo haraka, uniambie kama sasa —