Mbayuwayu Chumbani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Nyumba ya ndege imekwisha. Ghorofa tatu, haina dirisha, ina matundu tu ya kuingilia. Imeishinda yetu kwa uzuri. Tumekata miti yote ya mpira ili kuijenga — mbayuwayu wasipokuja kutujengea viota vya kuuza, vile vya mate ambavyo matajiri huvipikia supu, sijui tutakula nini. Masrani, mume wangu, kafungua kipaza sauti: milio ya ndege iliyorekodiwa ili kuwaita wenzao, alfajiri hadi magharibi. Mama yake kauliza kama ndege hao wana homa.

Jumatano, 13 Machi
Wageni wa kwanza: popo wawili na bundi. Masrani kapanda kuwafukuza, karudi na kinyesi kichwani.
“Angalau umevuna kitu, mwanangu,” kasema Mama.

Jumapili, 17 Machi
Wamekuja! Lakini chumbani kwa Mama. Wanapitia pengo la ubao ambalo Masrani ameahidi kuliziba tangu mwaka juzi. Giza, unyevunyevu, paa linavuja — ndivyo wapendavyo. Jozi moja, juu kabisa ya kitanda. Masrani kamsihi mama yake ahamie sebuleni.
“Mimi nihame? Si umewajengea ghorofa? Wahamie wao.”
Basi analala nao. Juu ya chandarua kafungua mwavuli.

Alhamisi, 2 Mei
Kiota kimekamilika. Cheupe, mate matupu yaliyoganda, kama sikio la mtoto. Mama kageuka kabisa. Sasa ni “wapangaji wangu”. Sote tunanong'ona. Jirani kaja kuazima kinu, kaambiwa aombe kwa ishara za mikono. Akaondoka na ungo.

Ijumaa, 3 Mei
Mama kasimama kitandani na kioo cha mkononi, kachungulia: mayai mawili. Kadondosha machozi kidogo, kisha kasema ni vumbi.
Mnunuzi anakuja kesho, harudi tena hadi Idi. Masrani anataka kiota kitoke. Yeye huyu huyu alitufundisha kwamba kiota huchukuliwa makinda wakisharuka, la sivyo ndege wanahama. Nikamkumbusha. Kasema hayo aliyasema akiwa ameshiba.

Jumamosi, 4 Mei
Mnunuzi yuko barazani, chai ya pili. Masrani kaingiza ngazi chumbani. Mama kakaa kwenye kidato cha chini cha ngazi.
“Mama, nipishe.”
“Panda, unipite.”
“Ni mayai tu, Mama.”
“Na wewe ulianza ukiwa nini?”
Mnunuzi huko nje akakohoa. Wote wawili wakamwambia anyamaze — kwa kunong'ona, kwa pamoja. Kisha wakanigeukia mimi. Masrani kauliza, mke wangu, wewe wasemaje? Mama hakuuliza, kanitazama tu.
Juu, mkia mdogo umechomoza kwenye kiota. Hautikisiki.
Nimesema wali unaungua. Niko jikoni, naandika. Wali sijaubandika hata. Mama anaita, mkwe wangu, unaungua kiasi gani huo?