Siku Wake Zetu Waliposimama

Deo, mume wangu,

Marahaba. Mama yako amenifikishia salamu zako. Mjomba wako mguu umepata nafuu, kuku wametotoa, ila moyo wangu hautulii tangu niliposikia umeingia siasa huko Dodoma.

Umeniuliza kama ni vibaya kusema nchi ni ya wenyeji, wageni watoke. Mimi shule sina, nitakuambia tu nilichokiona.

Nilipokuwa binti, kijijini kwetu Mara, mwenyekiti alikuwa kijana msomi kama wewe, mdomo mtamu. Alitaka jirani yetu Okelo, mvuvi, afukuzwe kwa kuwa alizaliwa ng'ambo ya ziwa. Akatangaza mkutanoni, "Ambaye hakuzaliwa hapa asimame!"

Okelo akasimama. Mama yangu, aliyeolewa kutoka Ukerewe, naye akasimama. Wanawake wakatazamana, wakainuka mmoja mmoja. Mwanamume wa kwetu haoi ndani ya ukoo wake, na kijiji kizima kilikuwa ukoo mmoja. Mwisho akainuka mama mzazi wa mwenyekiti.

"Mama, kaa chini, sikusemi wewe!"

"Nikae vipi, baba? Si umeuliza?"

Watu wakacheka mpaka mkutano ukavunjika. Okelo akarudi kwenye nyavu zake.

Najua maneno hayo yanapigiwa makofi, Deo. Ndiyo maana naogopa. Nasikia mwezi ujao utahutubia hapa Buzuruga. Nitakuja, nitakaa mbele kabisa. Ukiwataka wageni watoke, utaniona nimesimama.

Ni mimi bibi yako, niliyeletwa hapa na babu yako kutoka Mara.