Mkwe wa Kwenye Kompyuta

Dada Namutebi,

Mimi iko mzima, na hapa mtaani Munuki bado hakuna mzee ananishinda sura. Lakini usipande basi! Yule bwana wa Ritah niliyekuitia uje kumpokea, wewe kama shangazi, si mtu. Ni picha!

Ya salaam! Nilisikia mwanaume kwenye kompyuta ya Ritah akisema Kiingereza tamu, na binti yangu anamjibu, "Aleer, wacha uongo!" Nikanunua mbuzi. Kumbe ni gemu ya mapenzi! Ritah anazicheza, halafu anaandika kwa intaneti kama ni tamu ama bure. Hiyo ya Aleer aliandika, "Huyu mwanaume anaongea sana, hasikilizi."

Nikamwambia, "Umemkataa mkwe wangu mbele ya dunia?"

"Baba, utaniua na kicheko!"

Sasa shika kiti. Leo amefika kijana kutoka mtaa wa Gurei, jina lake Bol, ndiye alitengeneza hiyo gemu. Alikuja na hasira kwa yale Ritah aliandika. Ritah anamweleza makosa ya gemu tangu asubuhi, chai imepoa, na kijana anasikiliza tu.

Dada, panda basi. Mbuzi bado iko hai.

Ni mimi kaka yako, mzuri kuliko picha,
Kizza