Skatingi ya Kona ya Korido

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Chekalini. Mvua tangu saa nane. Skatingi, zile mbao za chini ya kuta, za sebule na vyumba vyote ziko tayari, nakshi na kila kitu. Imebaki kona ya korido, pale unapotoka mlango wa mbele kugeukia sebuleni. Kona ya mviringo. Nani aliwahi kuona kona ya mviringo kwa mkulima wa mahindi? Ilikuwa kona kali kama za watu wote, kaka Jotham akaibomolesha mwezi wa sita, ikapigwa plasta upya. Eti ingeumiza watoto. Kitinda mimba wake ana miaka kumi na saba.

Anakohoa sana. Shati lake la Krismasi linampwaya, limekuwa la mtu mwingine.

Jumanne, 5 Agosti
Ubao wa saiprasi umevunjika. Nilikata mikato ya msumeno nyuma yake ili upinde, nikaulowesha, na bado ukalia ta. Nimetupa nyundo. Shemeji Rispa ameleta obusuma, ugali wa moto, na mboga. Jotham hakula.

Jumatano, 6 Agosti
Wa pili umevunjika.

Jotham ametoa mlango wa zamani wa ghala na kuniambia nishike upande mmoja. Tukaupitisha koridoni ukiwa umelala, tukageuka nao kwenye kona. Umepita. Anasema anataka kununua kabati. Alikaa sakafuni nusu saa akitafuta pumzi, huku anatabasamu. Sikupenda lile tabasamu.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeupima mlango ule. Futi sita na nusu kwa inchi ishirini na mbili. Pembeni umekatwa juzijuzi, unga wa mbao bado uko kwenye nyufa. Vipimo hivyo navijua. Naviandika ukutani kwa karakana yangu Lumakanda karibu kila wiki. Si vya kabati.

Kwa baba, korido ilikuwa nyembamba na kona kali. Tulilisimamisha jeneza wima ndipo likageuka. Mimi nilikuwa chini. Nilimsikia akiteleza ndani. Jotham alikuwa juu, naye alisikia. Miaka kumi na moja hatujawahi kulitaja.

Leo sikufanya kazi. Nimesema msumeno ni butu.

Ijumaa, 8 Agosti
Baba alitufundisha hivi: maiti hailazwi katika nyumba ambayo vyombo vya fundi bado vimo. Kwa hiyo vyangu vitakaa humo. Mpaka Krismasi nikitaka.

Nimevunja ubao wa tatu kwa goti. Makusudi. Nimemwambia Jotham ni mbao mbaya.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimevunja mwingine. Rispa aliniona. Ameokota vipande akawashia moto wa chai. Naona aibu. Naogopa pia.

Jumatano, 13 Agosti
Jotham hainuki tena. Rispa anasema wanaongea habari ya kumpeleka kwa mjomba akikata roho, kwa sababu hapa fundi hajatoka. Kwa mjomba. Jotham, mtu mwenye nyumba yake ya mabati mapya.

Nilidhani namzuia asiende. Namfungia mlango wake mwenyewe, mimi mpumbavu.

Aliniita kitandani. Akasema, "Enosi, hiyo saiprasi haina shida."

Alhamisi, 14 Agosti
Saiprasi mbichi. Mikato ya karibu, kila nusu inchi, bila kufika kwenye nakshi. Maji ya moto, kisha matambara ya moto juu yake. Nimeanza kupinda katikati, nikaenda kila upande polepole, msumari mmoja mmoja. Umekubali mara ya kwanza. Maua ya nakshi yanazunguka kona bila kukatika. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama hii, na nimeifanya nikilia kama mtoto.

Nimefagia. Nimebeba sanduku la vyombo hadi nje ya boma, nikipita chini ya dirisha lake ili asikie misumari ikigongana.

Jumamosi, 16 Agosti
Alfajiri. Jotham.

Nimeenda karakana kuunda jeneza. Mbao nilikuwa nazo.

Ijumaa, 22 Agosti
Tumemleta nyumbani kutoka mochari. Nilishika jeneza upande wa miguu. Tulipofika kwenye kona, vijana wakaanza kuinua walivyozoea. Nikawaambia wasiinue, linapita.

Likapita likiwa limelala. Hakuna kilichosogea ndani.

Kiatu changu kimeacha alama nyeusi kwenye skatingi, pale ubao unapopinda. Rispa alikuja na kitambaa. Nimemwambia aiache.