Mama, Sinema na Kelele za Magitaa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na wale watukutu wanaoniita shangazi. Natumaini mgongo wako umepoa, na kwamba wifi bado anakuburuta kutembea kila jioni, utake usitake. Huku sisi ni wazima. Najua neno hilo huandikwa kwa mazoea tu, lakini leo nalimaanisha: Mama hana ule ugonjwa tuliouogopa. Nimelitanguliza hili ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa vizuri.

Tulipoagana kwenye simu ulikuwa umeshaamua kuja kumchukua, nyumba ipangishwe, nami nihamie chumba karibu na kituo cha redio. Sikubisha, maana sikuwa na la kubisha. Mama yetu, aliyewahi kumrudishia fundi gauni kwa sababu ya kola iliyopinda kidogo tu, alikuwa amegeuka mtu wa "nzuri." Nikimwuliza kutoka jikoni kama amekula, nzuri. Nikimwambia huku nakimbilia ndoo kwamba bomba la bafuni limepasuka, nzuri pia, na tabasamu juu. Lakini kilichonitisha zaidi ni magitaa. Si unakumbuka alivyokuwa akigonga ukuta kwa mwiko kila nikifungulia muziki wa roki? Sasa nikiwa naandaa kipindi changu, anakuja mwenyewe chumbani, anakaa sakafuni, mgongo kwenye spika, macho kayafumba, kichwa kinakwenda na ngoma. Nikasema basi, akili ndiyo inaaga hivyo.

Kwa kuwa redio hunipa tiketi za kutazama filamu mpya kabla sijazisema hewani, nilianza kwenda naye sinema, nikitumaini kwamba tukibishana ataamka. Wapi! Tuliona ile ya wapelelezi, ambayo kwa maoni yangu ni magari yanayofukuzana mpaka mtengenezaji akaishiwa petroli, akasema nzuri. Tuliona ile ya mwimbaji mzee anayerudi jukwaani, nikalia bila haya. Akasema nzuri, akaomba maji.

Wiki iliyopita ndipo mambo yalipogeuka. Filamu yenyewe imeigizwa kwa lugha yetu, inahusu ndugu wawili walionuniana miaka mingi. Mwongozaji wake ni mjanja, na mimi ujanja ule nimeupenda: ndugu hao wanapokutana mwishoni, wako ndani ya duka, kamera imeachwa nje ya kioo. Unaona midomo inakwenda, husikii kitu, unabaki kukisia. Ukumbi ulikuwa kimya. Mara Mama akasema, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, "Anamwambia ufunguo ni uleule, aje atakapo. Na huyu anasema, ngoja nivae viatu."

Watu wakageuka. Bwana mmoja wa mstari wa nyuma akamwuliza, kwa adabu kabisa, amejuaje. Mama hakujibu. Bwana akarudia, karibu na kisogo chake. Mama akaendelea kutazama skrini kana kwamba hakuna mtu duniani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikumbuka miaka yake ya kiwanda cha nguo, mashine za kufuma zikiunguruma mchana kutwa, na wafanyakazi wakizungumza kwa kutazamana midomo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Kaka, lakini sisi kumbe mkuu mwenyewe ndiye asiyesikia!

Kesho yake nikampeleka kwa daktari wa masikio. Alimfungia kwenye kijichumba, akampima, akatoka akaniambia kwamba akili ya mama yangu ni kali kuliko yangu niliyemleta. Masikio ndiyo yamechakazwa na mashine. Kilichobaki ni sauti nzito nzito, zile za kutikisa kifua, kama ngoma na besi. Kwa hiyo katika nyumba nzima, Kaka, kitu pekee kilichokuwa kikimfikia ni yale makelele yangu. Nililia pale kwenye korido mpaka muuguzi akanisogezea kiti.

Sasa ana vifaa viwili vidogo nyuma ya masikio, na moto umewaka upya. Kwanza alisikia friji, akauliza nani anakoroma. Kisha tukarudi kuzitazama zile filamu. Wapelelezi, anasema, wanakimbia sana kwa watu wasiojua waendako. Mwimbaji mzee hajaimba hata kidogo, amelalamika kwa mdundo. Kuhusu lile kundi la vijana wa roki nililolisifu hewani, anasema mpiga ngoma anajua kazi, anamkumbusha kiwandani mashine zote zikiunguruma kwa pamoja, ila mwimbaji anyamazishwe haraka. Nikamwambia ule mkwaruzo wa sauti ndio roho ya muziki wenyewe. Akaniambia mkwaruzo hutibiwa kwa asali. Tulibishana mpaka sufuria ikaungua, na nikaikwangua huku nacheka peke yangu kama chizi.

Sasa lile lililo moyoni. Jana nilimwuliza kwa nini hakusema. Alifuta meza muda mrefu, ingawa ilikuwa safi. Akasema kiwandani waliona wenzao waliopoteza masikio wakichukuliwa kama kabati, watu wanazungumza juu yao nao wapo. Akaona bora atabasamu. Kisha akaniambia kwamba siku ile uliyopiga simu, nilipotoka kibarazani na kufunga mlango wa kioo ili asisikie, yeye alikuwa sebuleni anakunja nguo, uso kwa uso nami. Alisoma kila neno midomoni mwangu: "Sawa Kaka, mchukue. Mimi nimechoka." Alimaliza kukunja nguo, akaenda chumbani kupanga magauni ya kuja nayo kwako. Sanduku nimelikuta chini ya kitanda, limeshafungwa kamba.

Sikujua niweke wapi uso wangu. Nilianza kuomba radhi. Akanishika kidevu, kama tulipokuwa wadogo, akasema, "Ulikuwa umechoka kweli, mwanangu. Hata mimi nilikuwa nimechoka kukuambia nzuri." Tukalivuta sanduku pamoja, tukakata kamba, nikamrudishia magauni yake kabatini moja moja.

Kwa hiyo usije kumchukua. Njooni wote kututembelea tu, nyumba ipo na mwenyewe yupo. Alhamisi nitamketisha mbele ya kipaza sauti aizungumzie ile filamu ya kioo, na Mungu amsaidie mwongozaji.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu. Mama amesimama nyuma yangu anasoma. Anawasalimu sana, na anasema siku nyingine umpigie yeye, usinipigie mimi, na uongee taratibu, maana tangu utotoni unameza maneno.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba